Maji Yasiyo kwenye Risiti ya Tokeni

Mpangaji wa Kayole akinunua tokeni ya shilingi 200 kwa simu, hurudishiwa ujumbe wenye tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita na idadi ya yuniti alizopata. Yuniti hizo huwa chache kuliko alivyotarajia. Akitaka kujua pesa nyingine zimekwenda wapi, mchanganuo upo: ushuru wa VAT, gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, mfumuko wa bei, tozo ya EPRA, mdhibiti wa kawi, mchango wa kusambaza stima mashambani. Ndani ya orodha hiyo, kwa herufi ambazo wengi hawajawahi kuuliza maana yake, imo WARMA. Hiyo ni tozo ya maji. Kwa kila yuniti mteja hulipa senti moja au mbili hivi kwa ajili ya maji yaliyozungusha mitambo ya mabwawa ya humu nchini.

Dola nayo ina mstari wake, na huo si wa senti moja. Mikopo ya kujengea mitambo na malipo ya wazalishaji wengi hufanywa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi ikidhoofika, mteja hufidia. Mwanzoni mwa 2024, dola moja ilipofikia shilingi 160, hakuna nyumba ya Umoja wala Dandora ambayo haikuhisi. Kila mwezi kiwango cha marekebisho hayo hukokotolewa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Maji hayapati heshima hiyo. Yale ya mto Tana yanahesabiwa kwa senti, na yale yaliyozalisha umeme tunaonunua kutoka nchi jirani hayahesabiwi kabisa. Stima ya Ethiopia inafika kwenye balbu ya Donholm bila hata herufi moja kwenye risiti inayoeleza ni mto gani ulioitoa na ni nani aliyekuwa akiutegemea. Upungufu huo haukuanzia kwenye risiti. Umeanzia kwenye mikataba yenyewe ya kununua na kuuza kawi kuvuka mipaka, na wakati umefika wa kuurekebisha.

Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia hoja hii, kwa sababu huku maji na stima ni shida moja yenye sura mbili. Tangu mgao wa maji uanze jijini Januari 2017, mitaa mingi imezoea ratiba ya siku chache za mfereji kwa wiki, na ratiba yenyewe haiaminiki. Wenye ploti wamechimba visima virefu, wakaweka matangi juu ya paa, na pampu za kupandisha maji hayo zinaendeshwa kwa stima. Umeme ukipotea Pipeline au Tassia, kwenye majumba ya ghorofa saba na nane, matangi hukauka kabla ya jioni. Hapo ndipo mikokoteni ya mitungi hujitokeza, na mtungi wa lita 20 uliokuwa ukiuzwa shilingi 10 huuzwa 20, 30 au zaidi, kutegemea ghorofa unayoishi.

Na maji hayo ya mfereji yenyewe yana uhusiano na umeme ambao ni wachache wanaoufahamu.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi lita bilioni 70. Bwawa hilo limezuia mto Thika. Mto Thika ukiachwa uende zake huteremka hadi Masinga, unaungana na Tana, na kutoka hapo maji yake hupitia vituo vitano vya kuzalisha umeme, kimoja baada ya kingine: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Vituo hivyo vilijengwa kati ya 1968 na 1988, na kwa miaka mingi ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wa stima ya Kenya. Lakini maji yanayochukuliwa Ndakaini husafishwa Ng'ethu, huletwa jijini, hutumika, kisha kupitia mabomba ya majitaka huishia kwenye mabwawa ya kusafishia ya Ruai. Kutoka Ruai huingia mto Nairobi, kisha Athi, na hatimaye Bahari Hindi karibu na Malindi. Hayarudi Tana tena. Karibu kila mtungi unaojazwa kwenye mfereji wa Kariobangi una maji ambayo yangezungusha mitambo mitano kabla ya kufika Garissa. Mtaro mpya wa chini ya ardhi unaochota mito ya Maragua, Gikigie na Irati, uliobuniwa kuleta lita milioni 140 kwa siku, umeongeza uhamisho huo. Watu wa jiji wanastahili maji hayo, na haki yao imeandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba. Lakini ni vyema ijulikane kwamba Nairobi na mabwawa ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wanakunywa kutoka chanzo kimoja.

Kwenye chanzo hicho yupo mnywaji wa tatu, naye ni soko la ng'ambo.

Miteremko ya Aberdare inayolisha mto Thika, Chania na Maragua ndiyo inayokuza chai, kahawa na parachichi za kuuzwa Ulaya na Arabuni. Chini kidogo, karibu na mji wa Thika, yamo mashamba ya mananasi ya Del Monte, ambayo mazao yake huuzwa ng'ambo yakiwa kwenye mikebe. Shamba likilimwa hadi ukingoni mwa mto, udongo hushuka na mvua. Udongo huo hujaza vilindi vya Masinga, hupunguza nafasi ya maji, na huifanya Ng'ethu itumie dawa zaidi kusafisha maji yaliyochafuka. Ndiyo sababu mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambapo kampuni ya umeme, kampuni ya maji ya jiji na wafanyabiashara wengine huchangia ili wakulima wachimbe matuta na kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko. Ni miongoni mwa hatua za busara kabisa zilizowahi kuchukuliwa katika sekta hii: mtumiaji wa chini alikubali kumlipa mlinzi wa juu. Mpaka wa nchi ungekatiza katikati ya mto huo, pengine jambo hilo lisingetokea.

Tana ukikauka, nchi hununua mafuta. Ukame wa 1999 na 2000 ulileta mgao wa stima wa saa nyingi kwa siku. Viwanda vya Industrial Area vilisimama na mafundi wa kuchomelea vyuma wa Kariobangi walikaa mikono mitupu. Mwaka 2009 Masinga ilifungwa kwa muda kwa kukosa maji. Mara zote mbili serikali ilikodi jenereta za dharura zinazotumia dizeli, na gharama yake ikaingia kwenye bili kupitia mstari ule wa mafuta. Mitambo ya mafuta mazito kando ya barabara ya Lunga Lunga, pua na mdomo na mitaa ya mabati ya Sinai, ilinguruma mchana na usiku.

Hapo biashara ya kimataifa ilifanya kazi ya mvua. Meli zilizotia nanga Kipevu, Mombasa, zilileta mafuta ya Ghuba, na mafuta hayo pia yana maji yake. Huko Saudia, katika eneo la mafuta la Ghawar, linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani, maji ya bahari yamekuwa yakisafishwa na kusukumwa ardhini kwa miongo kadhaa ili kudumisha shinikizo linalopandisha mafuta. Kwa hiyo ukame wa Murang'a ulifidiwa kwa bahari ya Ghuba, na daraja kati ya hizo mbili lilikuwa dola. Anayefikiri kwamba Kenya hainunui maji kutoka nje hajaitazama bili yake vizuri.

Wazo la kuyahesabu maji yaliyofichika ndani ya bidhaa si geni. Msomi wa London, Tony Allan, alilitungia jina mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Mholanzi Arjen Hoekstra akaanzisha mbinu za kuyapima. Mwaka 2010, Hoekstra na mwenzake Mesfin Mekonnen walipima mawaridi ya Naivasha wakapata kwamba ua moja hutumia kati ya lita 7 na 13 za maji. Mawaridi hayo huletwa kwa malori yenye baridi hadi uwanja wa ndege wa JKIA, Embakasi, hatua chache kutoka mitaa ya Fedha na Utawala, na vijana wengi wa mitaa hiyo hupata riziki kwa kupakia mizigo huko. Maji ya ziwa Naivasha hupita angani juu ya nyumba ambazo mifereji yake ni mikavu. Ziwa hilohilo pia limehudumia uchimbaji wa visima vya mvuke vya Olkaria, ambako Kenya ilianza kuzalisha umeme wa mvuke mwaka 1981, na shamba la maua la Oserian lilikodi kisima cha mvuke ili kupasha joto vibanda vya waridi. Biashara ya nje na kawi zilikutana kwenye ukingo mmoja.

Kwa sababu wanunuzi wa Ulaya waliuliza, leo tunajua waridi moja linakunywa lita ngapi. Yuniti moja ya stima inayovuka mpaka wa Ethiopia haijawahi kuulizwa swali hilo na mnunuzi wake, ambaye ni sisi.

Biashara hii ya stima ina historia ndefu, na mwisho wa waya wake uko Eastlands. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, mahali Nile inapotoka ziwa Victoria. Mwaka huohuo iliundwa kampuni ya kujenga laini kutoka Tororo hadi Nairobi, na kufikia 1958 umeme wa Uganda ulikuwa ukiingia kwenye kituo cha Juja Road, jirani na Mathare, chini ya makubaliano ya miaka 50 ya megawati 30. Wakati huo mitaa ya Waafrika kama Ofafa na Jericho ilikuwa ikijengwa kwa haraka, na stima hiyo ilivuka juu ya mapaa yao kwenda kwingine.

Jambo la kuzingatia katika historia ya Jinja ni kwamba maji yalikuwamo kwenye mkataba tangu mwanzo. Misri ilikuwa na nguvu ya kudai. Katika makubaliano yake na Uingereza yaliyoanza mwaka 1949, ilikubali bwawa lijengwe, ikachangia gharama, na ikahakikishiwa kwamba mhandisi wake atakaa Jinja kufuatilia maji yanayoachiliwa. Ikawekwa kanuni inayoeleza ni maji kiasi gani yatoke kulingana na kimo cha ziwa, kana kwamba bwawa halipo. Kanuni hiyo ilipokiukwa, ilionekana. Kati ya 2003 na 2006 ziwa Victoria lilishuka kwa zaidi ya mita moja. Wavuvi wa upande wa Kenya waliona ufuo ukiwakimbia, na Februari 2006 mtaalamu wa maji, Daniel Kull, aliandika kwamba zaidi ya nusu ya upungufu wa miaka ya 2004 na 2005 ulisababishwa na maji yaliyoachiliwa kupita kiasi kwenye mabwawa pacha ya Jinja. Ukame ulichangia, lakini haukuwa peke yake. Aliweza kusema hivyo kwa sababu kulikuwa na kipimo cha kulinganishia.

Mto Omo haukubahatika kupata kipimo kama hicho.

Omo huanzia nyanda za juu za Ethiopia na kumwaga maji yake ziwa Turkana, ambalo hupata kiasi cha asilimia 90 ya maji yake kutoka mto huo mmoja. Ziwa halina mto wa kulitoa maji. Maji linayopoteza hupotea kwa jua. Mwaka 2015 Ethiopia ilianza kujaza bwawa la Gibe III, lenye kimo cha zaidi ya mita 240 na mitambo ya megawati 1,870, likazinduliwa rasmi Desemba 2016. Kituo cha Wolayta Sodo, kinachopokea umeme wa Gibe III, ndicho pia kinachoanzia laini ya kilomita zaidi ya 1,000 inayokuja hadi Suswa, kaunti ya Narok. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kupitia laini hiyo, chini ya mkataba wa miaka 25. Bei imewekwa kwa senti za dola. Kima cha chini cha maji ya Omo hakimo kwenye bei hiyo.

Mnunuzi wa umeme huo na mwathiriwa wa bwawa hilo ni nchi moja. Kampuni ya Kenya inalipa, na wavuvi wa Kenya wa Loiyangalani na Kalokol, pamoja na wafugaji wa Todonyang, ndio walioko mwisho wa mto. Misri ilipokuwa mwisho wa mto ilijiwekea kanuni. Kenya ilikuwa mwisho wa mto, ikiwa na kitabu cha hundi mkononi, na haikuitumia nafasi hiyo.

Hakuna anayeweza kusema haikuonywa. Shirika la Friends of Lake Turkana, lililoanzishwa na Ikal Angelei, lilipiga kelele kuhusu Gibe III kwa miaka, na mwaka 2012 Angelei akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Shirika lilikwenda mahakamani Nairobi. Mei 2014 Jaji Pauline Nyamweya wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi aliamuru serikali itoe wazi habari za makubaliano ya kununua umeme kutoka Ethiopia, na ichukue hatua za kuhakikisha ziwa linatunzwa. Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha mbuga za ziwa Turkana miongoni mwa turathi za dunia zilizo hatarini.

Haki inataka yasemwe yote. Ziwa halikukauka kama wengine walivyohofia. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 zililipandisha hadi likafurika makazi ya watu. Lakini kimo cha ziwa si habari yote. Mafuriko ya kila mwaka ya Omo yaliyokuwa yakirutubisha kingo na kuwaita samaki kuzaliana yamedhibitiwa na milango ya bwawa, na wakulima wa chini ya Omo waliotegemea udongo wa mafuriko wamepoteza kalenda yao. Mashamba makubwa ya miwa yaliyofuata bwawa hilo yanachota maji ambayo hayarudi. Mvua njema ya miaka michache si ulinzi wa miaka 25.

Kando ya ziwa hilohilo, Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, ambayo huzalisha stima karibu bila kutumia maji. Laini yake pia hufika Suswa. Waya mbili, moja ya upepo wa Turkana na nyingine ya mto unaoilisha Turkana, hukutana kituo kimoja, huchanganyika, na kuja Nairobi zikiwa bei moja kwenye tokeni moja. Mteja wa Buruburu hana namna ya kuzitofautisha.

Kuna wanaouliza: je, si heri stima ya bei nafuu kuliko hesabu hizi? Hoja yao ina uzito. Umeme wa Ethiopia ni wa bei ya chini kuliko wa dizeli, na kila yuniti inayonunuliwa kutoka nje wakati wa kiangazi huacha maji zaidi ndani ya Masinga. Pendekezo la kufunga mipaka halina maana yoyote, hasa sasa ambapo laini ya Isinya hadi Singida imetuunganisha na Tanzania tangu mwisho wa 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mwaka 2025 nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa mikoa ya kaskazini kupitia Kenya. Kenya sasa ni mnunuzi na pia ni njia. Ushawishi wake umeongezeka maradufu, na hilo ndilo linalofanya kimya chake kuhusu maji kiwe kosa kubwa zaidi kuliko mwaka 2014.

Miradi mingine ya kawi pia inagusa maji. Ule wa makaa ya mawe wa Lamu, wa megawati 1,050, ambao ungetumia makaa kutoka Afrika Kusini na kupoza mitambo kwa maji ya bahari wanamovua wavuvi wa Lamu, ulipoteza leseni yake mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira Juni 2019. Sasa linazungumzwa suala la haidrojeni ya kijani, na mkakati wake ulizinduliwa Septemba 2023 Umoja wa Ulaya ukiunga mkono. Kilo moja ya haidrojeni inahitaji angalau lita tisa za maji safi kabisa, mbali na ya kupozea. Ikizalishwa bonde la Naivasha kwa ajili ya soko la ng'ambo, itakuwa maua mengine yasiyo na harufu, yanayosafiri na maji yetu.

Mwaka 2021 jopo la rais likiongozwa na John Ngumi lilipitia mikataba ya ununuzi wa umeme. Kazi yake kuu ilikuwa bei, na Januari 2022 bei ilishushwa kwa asilimia 15. Ilithibitika kwamba mikataba inaweza kufunguliwa na kusomwa upya Wakenya wakikasirika vya kutosha. Sasa ufunguliwe ukurasa wa maji. Kila mkataba wa kununua, kuuza au kupitisha kawi kuvuka mpaka utaje mto au ziwa linalohusika, kiasi cha maji kinachotumika au kupotea, kiwango cha chini kitakachoachwa kiteremke, na watu walio chini ya mto. EPRA ichapishe takwimu hizo kila mwezi kando ya kiwango cha dola. Mfuko unaofanana na ule wa Tana ya Juu uanzishwe kwa Omo na Turkana, senti chache za kila yuniti zikienda kwa walio mwisho wa mto. Bunge likatae kupitisha mkataba usio na ukurasa huo.

Wabunge wa Embakasi, Makadara, Kamukunji na Mathare wanawakilisha watu wanaolipia maji mara mbili, kwenye mtungi na kwenye tokeni, kwa hiyo wao ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuuliza swali hili. Wakinyamaza, wapiga kura wasinyamaze. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuandika barua kwa taasisi ya umma na kudai habari inazoshikilia, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Vyama vya wakazi wa Umoja, Donholm na Dandora viandike barua hizo kwa Wizara ya Kawi na kwa Kenya Power, viulize umeme wa Ethiopia unatumia maji ya nani, na vidai jibu kwa maandishi.